Namba Isiyoanza na Sifuri

Mzee Samuel Katoo aliondoka nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Noonkopir mjini Kitengela, Alhamisi asubuhi, amevaa koti lake la kanisa na ndala za binti huyo. Evalyne, mpangaji wa mlango wa pili, alikuwa anaanika nguo. Akamuuliza anaelekea wapi.

"Naenda kuangalia ng'ombe," mzee akasema.

Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa ukame zaidi ya miaka kumi nyuma, lakini Evalyne alikuwa amehamia ploti hiyo juzi tu kutoka Kakamega na hakulijua hilo. Akaweka beseni chini, akamfungulia geti. "Haya mzee, safari njema."

Seleyian, binti mwenyewe, aliambiwa hayo jioni aliporudi kutoka duka la vifaa vya ujenzi alikoajiriwa kama karani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mume, na kwa miaka minne alikuwa akiishi na baba yake, tangu akili ya mzee ianze kukatika na kurudi kama redio yenye betri kuukuu. Siku nzuri mzee alimwita kwa jina na kumsimulia habari za ujana. Siku mbaya alimwita mama.

Seleyian na majirani walimtafuta Ijumaa kutwa. Walienda soko la mifugo, hospitali, kando ya barabara ya Namanga. Kituo cha polisi walimwandika kwenye kitabu na kumwambia Seleyian arudi Jumatatu. Vijana wa kanisa wakatengeneza tangazo lenye picha ya mzee la kusambaza kwa simu.

"Usiweke namba yako," mchungaji akamwonya. "Matapeli watakutesa. Watasema wamemteka."

Seleyian akakumbuka kwamba alikuwa na ukurasa. Kwa wiki sita, kila Jumamosi, alikuwa akisoma kozi ya wanaoanza kutengeneza kurasa za wavuti, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa. Mwenye duka la vifaa alikuwa amemwambia akijua kutangaza bidhaa mtandaoni atampandisha cheo. Kila mwanafunzi alitakiwa kujenga ukurasa wake, na wake ulikuwa bado mtupu. Basi kwenye tangazo wakaandika anwani ya ukurasa huo na neno Noonkopir, na Jumamosi akaenda darasani akiwa na picha ya baba yake.

Mwalimu aliitwa Lennox Wakhungu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye akili nyingi na ulimi mkali. Wanafunzi wengine kumi na wawili walikuwa wamemaliza sekondari mwaka uliotangulia. Seleyian peke yake ndiye aliyeandika kwa kidole kimoja, na Lennox alikuwa amempa jina tangu siku ya kwanza.

"Mathe, hata hasira yako inakuja pole pole kama hiyo typing yako," alimwambia wakati fulani, na darasa likaanguka kwa kicheko. Tangu hapo wote walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya mtaani.

Lakini alifundisha vizuri. "Ukurasa bila skripti ni bango la ukutani," alisema. "Watu wanasoma, wanapita. Ukiweka skripti, yaani maagizo unayoipa kompyuta, bango linaanza kusikia na kujibu." Aliwaonyesha pa kuipachika: chini kabisa, kabla ya kufunga mwili wa ukurasa, ili vitu vyote viwe vimeshajitokeza kabla skripti haijaanza kuvitafuta. Skripti ya kwanza ya Seleyian ilikuwa mstari mmoja tu. Ukifungua ukurasa, kisanduku kidogo kinaruka na neno KARIBU. Aliifungua mara saba siku hiyo, akitabasamu peke yake.

Jumamosi hiyo, alipoeleza kilichompata, Lennox alimsaidia kuweka fomu: jina, namba ya simu, ujumbe, kitufe cha kutuma. Akampa na skripti ya kupeleka kila ujumbe kwenye simu yake. Wanafunzi walimzunguka kumpa pole. Msichana mmoja, Elsie, alimuuliza mzee alikuwa amevaa nini.

"Koti jeusi," Seleyian akasema. "Na ndala zangu, zile za zambarau." Akacheka kidogo huku machozi yakimtoka. Habari ya ndala hakuwa ameiweka kwenye tangazo. Aliona aibu, mzee wa rika lake kutembea na ndala za kike.

Wiki nzima ikapita bila ujumbe. Jumamosi iliyofuata Lennox alifika darasani, akawasha projekta, akafungua ukurasa wa Seleyian. Uso wa Mzee Katoo ukajaa ukutani.

"Leo tunajifunza kitu cha muhimu sana," Lennox akasema. "Angalieni hii fomu. Mnaona shida?"

Hakuna aliyeona. Lennox akaanza kuandika huku wote wakisoma. Jina: Simba. Namba ya simu: moja, moja, moja. Ujumbe: Nimempata mzee wako huku mbugani. Nyama ilikuwa ngumu lakini nashukuru.

Akabonyeza kitufe. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba wa Seleyian.

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawavuta wengine. Kitengela kila mtu anajua simba hutoka mbugani na kuja mpaka kwenye mazizi ya watu.

"Sikilizeni, si utani," Lennox akasema, naye akitabasamu. "Fomu haina akili. Inameza chochote. Somo la leo: usimwamini mtu yeyote anayeandika kwenye ukurasa wako. Mathe, pole, nilihitaji mfano."

"Ni sawa, mwalimu," Seleyian akasema.

Lennox alikusudia kuwafundisha kuzuia ujumbe wa aina hiyo siku hiyo hiyo, lakini umeme ukapotea, wakarudi nyumbani.

Jumapili mchana, Seleyian akiwa anatoka kanisani, simu ikatetemeka. Mtu aliyejiita Gakuru alikuwa ameandika: Kuna mzee hapa Ngong, soko la mbuzi. Ana koti nyeusi na ndala za zambarau. Anauliza Seleyian.

Aliondoka vile vile na nguo za kanisa. Alizunguka Ngong mpaka miguu ikavimba, akionyesha picha kwa wachuuzi, wauza nyama, makanga wa matatu, mama wa mboga. Alijaribu kupiga ile namba ya Gakuru. Ilikuwa na tarakimu nane tu. Akadhani mtu wa watu amekosea katika haraka yake, akarudi tena Jumatatu, akakosa kwenda kazini.

Jumatano ukaja mwingine: mzee ameonekana Mashuuru, analala kwenye veranda ya duka, amepoteza ndala moja. Mashuuru ndiko walikotoka, na moyo wake ukaruka. Alipofika, jamaa zake walimwambia hakuna mtu aliyemwona mzee tangu mazishi ya mkewe. Aliwalazimisha wazunguke naye kila veranda.

Ijumaa, akiwa nyuma ya kaunta ya duka akihesabia mteja misumari, ukaja wa tatu: Mzee amekufa. Leteni sanduku refu. Ndala tunabaki nazo.

Akasoma, akasoma tena. Mteja akamuuliza kama yuko sawa. Seleyian alikuwa anatazama lile neno ndala. Hakuna mtu duniani aliyejua habari ya ndala ila Evalyne, ambaye hakuwa hata na simu ya mtandao, na watu kumi na watatu wa kile chumba juu ya duka la dawa.

Jumamosi aliingia darasani, hakukaa. "Nani aliandika habari ya ndala?"

Wote wakatazama kompyuta zao. Kijana mmoja mpole, Hillary, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Elsie alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Elsie," Seleyian akasema. "Mimi nilienda Ngong mara mbili."

"Si ilikuwa joke tu, Mathe," Elsie akasema. "Tulikuwa tunatest kama fomu inafanya kazi. Hatukujua utaenda kweli."

"Angekuwa baba yako, ungekaa?"

Elsie alikuwa bado anapambana na kicheko, kile kicheko kibaya ambacho mtu akikizuia ndio kinazidi.

Lennox akapiga meza. "Elsie, hiyo si poa. Mwombe Mathe msamaha." Elsie akaomba, akitazama dirishani. "Lakini Mathe, mimi nilikwambia usiamini mtu. Huko nje watu ni wabaya kuliko Elsie. Sasa kaa chini, tukufundishe kufunga mlango."

Akakaa. Na siku hiyo Seleyian alijifunza kuliko siku zote. Lennox aliandika ubaoni: kabla ujumbe haujatumwa, skripti isimame mlangoni iulize swali. Jibu likiwa ndiyo, pita. Likiwa hapana, rudi ulikotoka. Kila mtu achague swali lake.

Swali la Seleyian lilikuwa la namba ya simu. Waongo wote waliandika namba za uongo. Mwenye namba ya kweli angeweza kumpigia na kusikia sauti yake. Kwa hiyo: namba ianze na sifuri, na iwe na tarakimu kumi kamili. Aliandika mistari hiyo kwa kidole chake kimoja, bila kunakili kwa jirani, na ilipokataa mara ya kwanza alitafuta kosa mwenyewe, mabano aliyosahau kufunga, akalifunga.

"Sasa weka ujumbe kwa anayekosea," Lennox akamwambia. "Kitu cha adabu. 'Tafadhali weka namba sahihi.'"

Seleyian akafikiri juu ya Ngong, na veranda za Mashuuru, na sanduku refu. Akaandika: MWONGO WEWE. MUNGU ANAKUONA. USIRUDI HAPA.

Lennox akasoma, akapiga mluzi. "Mathe! Kumbe uko na moto." Akaijaribu kwa projekta, akaandika moja moja moja, na kile kisanduku kikaruka na maneno yale juu ya uso wa mzee. Darasa likampigia makofi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Hillary peke yake akainua mkono. "Na mtu akiwa na laini ya nje? Zile zinaanza na alama ya kujumlisha."

"Kwani mzee alienda Dubai?" Lennox akasema.

Wakacheka wote, na Seleyian akacheka pamoja nao. Baadaye alilikumbuka hilo kuliko mengine yote. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu ilikuwa tamu kucheka upande wa wenzake.

Baada ya hapo simu ilinyamaza. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Alimwambia Evalyne kwamba amewafungia waongo nje, na alisema kwa fahari, huku akikuna nazi.

Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, wiki nne kamili tangu mzee aondoke, mwanamume mrefu wa makamo, mwenye shuka na rungu, alifika kanisani Noonkopir akiwa na simu yenye picha ya Mzee Katoo. Mchungaji akamleta kwa Seleyian.

"Takwenya," mgeni akasalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Seleyian akaitika, akamkaribisha kiti.

Aliitwa Parsaloi. Nyumbani kwake ni Longido, upande wa Tanzania, lakini kwa sababu ya ukame alikuwa amevusha mifugo na kupiga kambi Meto, ndani ya Kajiado, karibu na mpaka. Alizungumza polepole, akitazama mikono yake.

"Tulimpata mzee kwenye njia ya ng'ombe. Amechoka, miguu imepasuka. Tukampa maziwa. Alisema anatafuta ng'ombe wake, na kweli akakaa na wangu, akawa ananiambia huyu ana jicho baya, yule atazaa dume. Alikuwa anajua ng'ombe sana."

"Yuko wapi?" Seleyian akauliza.

Parsaloi hakuruka hatua. Kwao habari husimuliwa kuanzia mwanzo. "Mke wangu, Jane, alisoma. Hili tangazo lilimfikia kwa simu, limepita mikono mingi, aliyemtumia hakujua limetoka wapi. Jumatatu wiki iliyopita Jane akafungua huo ukurasa wenu, akaandika: mzee wenu tuko naye, Meto, ni mgonjwa kifua, njooni. Akaweka namba yetu. Ukurasa ukakataa. Akaandika tena. Ukakataa. Jumanne tukapanda kilimani tukidhani ni mtandao. Ukakataa, na ukatutukana."

Mchungaji akamtazama Seleyian. Seleyian alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Nikaenda kwa naibu wa chifu. Alikuwa kwa semina. Alhamisi mzee akazidiwa, tukampeleka zahanati kwa pikipiki, wakasema apelekwe Kajiado." Parsaloi akalaza rungu lake magotini. "Alikufa Ijumaa asubuhi. Yuko mochari ya Kajiado, wameandika jina nililowapa. Niliuza mbuzi wangu siku ya soko, nikasema nije mwenyewe nitafute hilo jina Noonkopir. Pole, enkerai, mtoto wangu."

Alimaliza, akakunja shuka lake, akangoja. Seleyian hakulia hapo. Aliuliza ile namba ya simu inaanzaje, na Parsaloi akamsomea: kujumlisha, mbili, tano, tano.

Wiki iliyofuata walimzika Mzee Katoo Mashuuru, kando ya mkewe. Parsaloi na Jane walikuja, wakasimama nyuma na watu wasiowajua. Watu walipoanza kutawanyika kuelekea kwenye chakula, Parsaloi akamkaribia Seleyian.

"Nataka kuuliza kitu, usikasirike. Ule ukurasa ulijuaje kwamba mimi ni mwongo? Jane anasema ni mashine. Mimi nimefikiri sana. Kuna kitu nilifanya?"

Seleyian angeweza kusema ni mtandao. Mtu huyu angekubali, angerudi kwa ng'ombe wake. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Ni mimi," akasema. "Mimi niliandika hayo maneno. Watu walinichezea, nikaweka kwamba kila namba isiyoanza na sifuri ni ya mwongo. Haikuwa wewe. Sikukujua."

Parsaloi akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake.

"Wewe mwenyewe," akasema.

"Mimi mwenyewe."

"Basi mzee alijua." Akageuka kwa mkewe kama mtu anayetaka shahidi, na Jane akatazama chini. "Jane alimsomea. Tulidhani itamchekesha, kwamba mashine imetutukana. Yeye hakucheka. Akasema: ni Seleyian huyo, amekasirika kwa sababu nilitoka bila kumwambia. Akasema tumwache kwanza, hasira yake huwa inaisha haraka. Akanikataza kuja. Mimi nilitaka kuja Jumanne ile ile, na yeye akakataa. Akasema, ngoja kidogo, ataandika mwenyewe."

"Siku gani?" Seleyian akauliza, ingawa alikuwa ameshaambiwa.

"Jumanne. Na Jumatano aliuliza kama umeandika. Na Alhamisi."

Jane akamshika mume wake mkono, amnyamazishe, lakini alikuwa amekwisha kusema. Parsaloi hakukusudia kumuumiza. Kwao ukibeba neno la marehemu unalifikisha lote.

Jumamosi Seleyian alipanda ngazi za pembeni ya duka la dawa. Alikuwa amekuja kuomba ukurasa ufutwe, kwa kuwa ulihifadhiwa kwenye akaunti ya chuo na yeye hakuwa na nywila. Darasa lake lilikuwa limehamishiwa mchana. Asubuhi hiyo walikuwa wanafunzi wapya, wamejaa mpaka mlangoni, na ukutani kulikuwa na uso wa baba yake.

"Huyu alikuwa kama nyinyi," Lennox alikuwa anasema. "Hajui chochote. Lakini angalia skripti yake." Akaandika namba ya uongo, akabonyeza kitufe. Kisanduku kikaruka. Wageni wakasoma, wakaangua kicheko.

Lennox akamwona mlangoni. "Mathe! Ingia, ingia. Tunajifunza na yako. Mzee alipatikana?"

"Alipatikana," Seleyian akasema. "Tumemzika juzi. Waliokuwa naye walituandikia mara tatu, na laini ya Tanzania. Ukurasa uliwarudisha."

Kicheko kikakatika, si mara moja, kwa sababu wa nyuma hawakuwa wamesikia. Lennox akaweka chini kalamu ya ubao aliyokuwa ameshika. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza alionekana ni mtoto wa watu tu, hajui aweke wapi mikono.

"Pole sana," akasema. Kisha, kwa kuwa hilo halikutosha na alitaka kwa dhati kumpa kitu, akaongeza, "Lakini Mathe, usijilaumu. Skripti yako haikuwa na makosa. Ilifanya kile uliiambia ifanye."

Seleyian akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mteja.

"Naomba uufute ukurasa huo."

"Nitaufuta." Lennox akatazama ukutani, akatazama saa, akatazama zile nyuso ishirini zilizokuwa zikimngoja. "Ni vile tuko katikati ya mfano. Dakika ishirini tu, halafu naufuta ukiwa hapa. Si utakaa?"

Msichana mmoja aliyekuwa karibu na mlango akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi. Seleyian akakaa.

"Haya," Lennox akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, akarudi kwenye kibodi. "Tuendelee. Nani anaweza kuniambia kosa liko wapi?"